Baiskeli Moja na Mabwana Watatu

Nchini Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu. Wenyeji wa huko hawaoni ajabu mtu mmoja kuwa na baiskeli kuukuu ya kwendea stesheni ya treni, ambayo hata ikiibwa haitamliza. Ya pili yenye sanduku mbele, ya kuchukulia watoto na mahitaji ya sokoni. Na ya tatu, nyepesi kama unyoya, isiyotolewa nje ila siku ya mapumziko. Kila safari ina chombo chake. Huku Rwamishenye, kata ya Bukoba iliyokaa juu ya mteremko uingiao mjini, mtu akisema kwamba ana baiskeli tatu ataulizwa duka lake liko wapi. Si kwamba watu wa Rwamishenye hawana safari za kazini, wala za sokoni, wala za kujifurahisha. Wanazo zote, na wamekuwa nazo tangu baiskeli ilipoanza kuonekana katika nchi ya Wahaya. Tofauti ni kwamba safari zote tatu zilipewa baiskeli moja, na baiskeli hiyo ikawa na mabwana watatu: mshahara, kibanja, na nafsi ya mwenyewe. Katika insha hii nakusudia kusimulia habari za mabwana hao, na za wale ambao baiskeli haikuwatumikia kabisa.

Nianze na neno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Kiswahili kililipokea neno la Kiingereza pasipo kulitafakari sana. Kilibadilisha mavazi yake tu, likapata irabu panapostahili, likaketi katika ngeli moja na meza na taa. Waganda, jirani zetu wa kaskazini, walifanya vingine. Wao waliiita baiskeli eggaali, neno ambalo ni ndugu wa gari letu, na wote wawili ni watoto wa Kihindi. Yaani huko baiskeli ilipewa jina la chombo cha kuchukulia watu na vitu, wala haikuitwa kwa hesabu ya magurudumu yake. Kadhalika waliipachika jina la utani, maanyi ga kifuba, nguvu za kifua. Na yeyote aliyepata kuupanda mwinuko wa kutoka ukingo wa ziwa hadi Rwamishenye kwa pedeli ataafiki kwamba aliyetunga jina hilo hakubahatisha. Mimi nadhani jina la Waganda lilisema kweli kuliko letu. Kwa muda mrefu baiskeli ya Buhaya ilikuwa gari dogo la nyumba, na kila kitu kilichohitaji gari kiliingojea.

Mji wa Bukoba na baiskeli ni marika. John Kemp Starley aliitoa Rover yake mjini Coventry mwaka 1885, baiskeli ya kwanza iliyofanikiwa kuwa na umbo tunalolijua leo, magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo unaolizungusha lile la nyuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop akaleta tairi lenye upepo. Mwaka 1890 Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani kando ya ziwa, na ndiyo Bukoba hiyo. Na mwaka 1892 mapadre weupe wakajenga misheni yao Kashozi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu, mwaka 1901, na meli zikaunganisha Bukoba na reli hiyo, hali reli ya upande wetu haikufika Mwanza hata mwaka 1928. Kwa hiyo kwa miaka mingi Bukoba ilikuwa katika Tanganyika kwa serikali, lakini kwa biashara uso wake ulielekea Kisumu na Mombasa. Kahawa ilitoka kwa njia hiyo, na bidhaa za ng'ambo zikaingia kwa njia hiyo hiyo.

Nimeitaja kahawa, na hapana budi nikae hapo kidogo, maana bila kahawa insha hii isingekuwa na habari ya kusimulia. Wahaya walikuwa na kahawa kabla ya Mzungu. Walizichemsha buni zake pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakazitafuna. Mgeni alikaribishwa kwazo, na hata leo hukaribishwa. Wakoloni waliigeuza kahawa ya kutafuna kuwa kahawa ya kuuza. Katika miaka ya 1920 bei ilipanda, vibanja vikajaa mibuni katikati ya migomba, na kwa mara ya kwanza mkulima wa kawaida akashika fedha nyingi kwa mkupuo mmoja katika msimu mmoja. Fedha ya mkupuo haifanani na fedha ya kudondoka. Fedha ya kudondoka hununua chumvi na mafuta ya taa. Fedha ya mkupuo hununua bati la kuezekea, humlipia mtoto ada, hulipa mahari, na hununua baiskeli. Uzito wa jambo hilo waweza kupimwa kwa mwaka 1937, wakulima wa Bukoba walipofanya ghasia kuzipinga kanuni za serikali juu ya kilimo cha kahawa. Watu hawapigani hivyo kwa ajili ya kitu cha mapambo. Na mwaka 1950 ulipoundwa ushirika wa Bukoba, uliojulikana kwa herufi zake BNCU, bei ya kahawa ilikuwa imepanda tena. Miaka iliyofuata ndiyo wazee wengi huiita miaka ya neema.

Baiskeli iliyonunuliwa katika neema hiyo aghalabu ilitoka Uingereza. Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyotajwa kwanza, na kando yake Humber, Rudge, Phillips na BSA. Wanunuzi walibishana juu ya ubora wa kila moja, pasipo kujua kwamba kampuni ya Raleigh ilikwisha kuyameza majina ya Humber na Rudge, na kwamba hata hayo mengine mawili yangeingia katika nyumba hiyo kabla ya miaka ya 1960 kusonga mbele. Ilikuwa baiskeli ndefu, nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya nyaya, na uzito uliokaribia kilo 20. Haikuwa na gia. Waingereza walikuwa na gia tatu za Sturmey-Archer tangu mwanzo wa karne, lakini baiskeli nyingi zilizoletwa kwetu hazikuwa nazo. Mtu aweza kuona hapo dharau ya muuzaji kwa mnunuzi wa koloni. Mimi naona pia akili ya fundi: kitu kisichokuwa na gia hakiharibiki gia, na katika nchi ambayo fundi ana spana mbili, nyundo na kopo la gundi, hiyo si sifa ndogo.

Bwana wa kwanza wa baiskeli hiyo alikuwa mshahara. Kabla mkulima hajaipata, ilikwisha kupandwa na mwalimu, karani, mganga msaidizi, katekista na tarishi. Serikali na misheni zilikuwa na desturi ya kumkopesha mtumishi fedha za baiskeli na kumkata kidogo kidogo kila mwezi, na kwa njia hiyo baiskeli ilifungamana na ofisi kama kalamu na karatasi. Baiskeli ya mtu wa mshahara ilipasa kuwa safi kwa kuwa suruali yake ilipasa kuwa safi. Ilifunikwa mnyororo, ikatiwa madigadi mbele na nyuma, ikapewa kengele yenye sauti. Asubuhi mwenyewe aliteremka mjini kwa raha, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, pedeli zikizunguka zenyewe. Jioni alipanda kwa miguu, akiisukuma. Watu wa Rwamishenye hawakuweza kusema, kama wasemavyo watu wa nchi tambarare za Shinyanga, kwamba wao hupanda baiskeli kwenda kazini na kurudi. Walipanda kwenda, wakatembea kurudi. Nusu ya safari za baiskeli katika nchi ya milima ni safari za mguu, na asiyelikumbuka hilo hataelewa kwa nini pikipiki ilishinda upesi kiasi kile ilipofika.

Bwana wa pili, kibanja, alikuwa mkali kuliko wote. Kibanja cha Mhaya ni shamba na nyumba na makaburi kwa pamoja. Hutoa ndizi, kahawa, maharagwe na rubisi, nacho huhitaji kulishwa majani ya kutandaza chini ya migomba, yakatwayo mbali katika rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo baina ya kijiji na kijiji. Kila kimojawapo cha vitu hivyo ni kizito. Baiskeli iliyoagizwa kwa ajili ya karani ilipofika mikononi mwa kibanja iligeuzwa. Keria nyembamba ya kiwandani iliondolewa, fundi akaunga nyingine ya vyuma vinene, pana kama kitanda cha mtoto, yenye miguu iliyoshuka hadi kwenye ekseli. Spoki zikaongezwa unene, stendi ikafanywa ya miguu miwili. Juu yake ikafungwa mikungu ya ndizi, miwili kila upande na mmoja juu, kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka matairi yaliyokufa. Au gunia la kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Au madumu ya rubisi, ambayo mwenye akili huyalegeza vifuniko, kwa kuwa rubisi njiani huchachuka na hupenda kutoka.

Baiskeli yenye mzigo huo haipandwi. Husukumwa, na kuisukuma ni ufundi. Mwenye mzigo hufunga kijiti kirefu kwenye usukani ili auongoze akiwa kando, na kingine nyuma ya tandiko ili asukume kwa bega bila kujipinda. Mwaka 1954 wachukuzi wa Vietnamu walifanya vivyo hivyo kwa mianzi, wakapeleka shehena za zaidi ya kilo 200 kwa kila baiskeli hadi Dien Bien Phu, wakawashinda Wafaransa waliokuwa na ndege. Hapana aliyemfundisha Mhaya ufundi wa Mvietnamu, wala Mvietnamu hakuja Bukoba. Mlima na mzigo viliwafundisha wote wawili somo moja. Kwenye mteremko mambo hugeuka. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na breki ya chuma juu ya rimu iliyolowa ni kama ahadi ya mlevi. Hapo mtu hulitia tairi wayo wa kandambili yake, akaomba.

Katika utumishi wa kibanja baiskeli iliingia pia katika mambo ambayo vitabu vya ushirika havikuyaandika kwa furaha. Mmojawapo ni butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini. Mkulima aliyefiwa, au aliyedaiwa ada ya shule mwezi wa Januari, alimwendea mwenye fedha, akapokea kidogo, naye mwenye fedha akaja wakati wa mavuno na baiskeli zake kuchukua chote. Jambo la pili ni magendo. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kiasi cha kilomita 80, na bei ya kahawa ya upande mmoja mara chache ilikuwa sawa na ya upande wa pili. Lori huonekana na husimamishwa. Baiskeli hupita njia za ng'ombe. Mwaka 2018 serikali iliamuru kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya ushirika, ikaitangaza butura kuwa adui wa mkulima. Sina sababu ya kuitetea butura, ambayo imewafilisi wengi. Nasema tu kwamba mara nyingi msukuma baiskeli ya butura alikuwa kijana wa kibanja cha jirani aliyelipwa ujira mdogo kwa kila gunia, na hasira ya umma ilimwona yeye kabla ya kumwona mwenye fedha.

Bwana wa tatu alikuwa nafsi ya mwenyewe, na alitawala siku moja tu kwa juma. Jumamosi jioni, au Jumapili alfajiri kabla ya misa, keria kubwa ilifunguliwa kwa spana na baiskeli ikaoshwa. Ikapakwa mafuta, ikavishwa nyuzi za rangi kwenye ncha za usukani, kioo, maua ya plastiki, na kipande cha mpira kilichoning'inia nyuma ya madigadi chenye jina au neno la majivuno. Dinamo ikatazamwa kama inawasha taa, ingawa safari ilikuwa ya mchana. Kisha mwenyewe akavaa, akaondoka polepole, akipiga kengele hata pasipokuwa na mtu njiani.

Alikwenda wapi? Hapa lugha yatufundisha kitu tena. Kiswahili hakina neno la jadi la kupanda baiskeli kwa ajili ya kupanda tu. Tuna neno kutembea, nalo lina maana mbili, kwenda kwa miguu na kuzuru watu. Mwenye baiskeli naye husema anakwenda kutembea. Kwa hiyo starehe ya baiskeli katika nchi yetu haikuwa duara, yaani kutoka nyumbani na kurejea nyumbani pasipo kufika popote, kama afanyavyo Mholanzi wa Jumapili. Ilikuwa mstari wenye mtu mwishoni mwake: mkwe, rafiki, ndugu aliyelazwa Ndolage au Kagondo, msichana wa kijiji cha pili. Mtu aliyeonekana akizunguka bila kufika kwa yeyote alidhaniwa ana deni analolikimbia. Ndiyo sababu siamini wale wasemao kwamba watu wetu hawakuwa na baiskeli ya starehe. Walikuwa nayo, ila starehe yake ilikuwa katika kufika na kuonekana umefika.

Sasa nifike penye uchungu wa jambo. Baiskeli moja yenye mabwana watatu haiwezi kuwatii wote kwa siku moja. Mtumishi wa ofisi akienda nayo kazini, ndizi za soko huchukuliwa kichwani. Na kichwa hicho aghalabu si cha mwanaume. Kahawa katika Buhaya ilihesabiwa kuwa mali ya mume, hata pale mke alipoipalilia, akaichuma na kuianika. Na kwa kuwa baiskeli ilinunuliwa kwa kahawa, baiskeli nayo ikawa ya mume. Mazao ya mke, yaani maharagwe, karanga na viazi, yaliliwa nyumbani au yakauzwa kwa vipimo vidogo ambavyo havikuleta fedha ya mkupuo. Umbo lenyewe la baiskeli lilimkataa: kile chuma cha juu kilichonyooka kutoka tandiko hadi usukani hakikupatana na vazi la heshima la mwanamke wa enzi hiyo. Zilikuwapo baiskeli za kike, zenye chuma kilichoinama, lakini ziliagizwa chache, na mume mnunuzi alisema hazina nguvu ya mzigo. Basi mke aliijua baiskeli kutoka nyuma, ameketi upande juu ya keria, mtoto kifuani, kanga imekusanywa isiingie katika spoki.

Na mtoto akiugua siku ya Jumanne, wakati baiskeli iko kwa mnunuzi wa kahawa, mama alimbeba mgongoni hadi zahanati. Na mgonjwa mzima alibebwa kwa machela na wanaume wanne. Hesabu yetu ya maendeleo haikuliona hilo. Mtafiti alipoingia kijijini aliuliza kama nyumba ina baiskeli, akaandika ndiyo au la. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994, ambao ulifuatilia kaya zaidi ya 900 katika miaka mibaya ya UKIMWI, ni hazina ambayo watu wa uchumi wataichimba kwa muda mrefu, na siusemi kwa ubaya. Lakini nyumba iliyoandikwa kuwa na baiskeli yaweza kuwa nyumba ambayo watu sita kati ya saba hawajapata kuishika usukani. Na mume alipofariki, kama walivyofariki wengi katika miaka ile, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuulizwa na ukoo wake, kwa sababu ina magurudumu na huondoka upesi kuliko migomba.

Nimekwisha kupita mbele ya miaka ya taabu, nami nirejee kidogo. Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakaiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera na kuivunja daraja ya Kyaka. Vita vilipokwisha mwaka 1979 nchi ilikuwa imeshinda na maduka yalikuwa matupu. Serikali ilikuwa na kiwanda chake cha baiskeli Dar es Salaam, kikitoa baiskeli zilizoitwa Swala. Ni jina zuri. Swala ni mwepesi na mrembo, lakini hakuumbwa kwa kubeba mikungu mitano ya ndizi, na watu wa Bukoba hawakukosa kulisema. Hata hivyo tatizo halikuwa jina wala uzalendo. Lilikuwa tairi. Mpira wa ndani ulipokosekana watu walishindilia tairi nyasi au matambara, wakaendelea kusukuma. Katika miaka hiyo wale mabwana wawili, mshahara na nafsi, walinyamaza. Baiskeli iliyobaki nzima ilitumikia kibanja peke yake, kwa sababu tumbo halingoji shehena ya tairi kutoka bandarini.

Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, kuanzia msimu wa mwaka 1994, baiskeli zilirudi kwa wingi, safari hii kutoka mashariki: Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana. Umbo lilikuwa lile lile la Nottingham, limenakiliwa mpaka breki zake za vyuma, kwa bei ambayo kijana asiye na kibanja aliweza kuikopa. Hapo ndipo kazi za baiskeli zilipoanza kuachana, lakini tazama zilivyoachana: hazikugawanywa baina ya baiskeli tatu za mtu mmoja, ziligawanywa baina ya watu. Kijana mmoja akanunua baiskeli, akatia mto laini juu ya keria, akawa mchukuzi wa abiria. Kazi hiyo ilizaliwa zamani Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako wachukuzi waliita kwa Kiingereza cha kuvunjika jina la mpaka, mara mbili, ndipo tukapata bodaboda. Huko Shinyanga waliiita daladala, kama vile ni basi. Kijana mwingine akaimarisha keria, akawa msukuma ndizi kwa ujira. Mwenye kibanja, ambaye baba yake alifanya hayo yote kwa Raleigh moja, sasa aliweza kukodi huduma na kuiacha yake ukutani.

Mbele zaidi, ng'ambo ya Rwanda, mgawanyo huu ulifika mwisho wake. Waswahili wa Goma, katika Kivu, walijitengenezea chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli wala tandiko, kwa kazi moja tu ya kubeba: makaa, viazi, kabichi, mbao, kwa mamia ya kilo. Wanaliita chukudu, na mji umelijengea sanamu. Ni chombo kisichojidai kuwa na bwana zaidi ya mmoja, nami nakiheshimu kwa hilo.

Kisha ikaja pikipiki. Mashine za bei nafuu kutoka China na India zilienea mwishoni mwa miaka ya 2000, na kanuni za mwaka 2010 zikaitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kubeba abiria kwa leseni. Katika miaka michache mshahara na nafsi waliihama baiskeli. Karani wa Rwamishenye hashuki tena kwa pedeli na kupanda kwa mguu. Huita bodaboda, naye jina hilo amelichukua pamoja na abiria wake. Kijana anayekwenda kuchumbia haendi kwa kengele bali kwa mngurumo. Na mama mwenye mtoto mgonjwa, ambaye baiskeli ya nyumbani haikuwa yake, sasa huweza kukodi kiti kwa fedha aliyoipata mwenyewe kwa maharagwe. Wanaoililia baiskeli ya zamani, na wapo wengi miongoni mwa wasomi wenzangu, sharti wakumbuke jambo hilo kabla hawajalaani moshi na ajali, ingawa moshi upo na ajali zipo, na wodi za mifupa zashuhudia.

Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba wakati huo huo ambapo nafsi iliihama baiskeli kwetu, iliirudia kwa jirani. David Kinjah amewafundisha vijana wa Kikuyu, karibu na Nairobi, kupanda kwa mashindano, na kati ya waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, aliyeshinda mbio za Ufaransa mara nne. Rwanda iliunda timu yake ya taifa mwaka 2007. Mmoja wa vijana wake, Adrien Niyonshuti, akashindana katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Milima ile ile iliyowafanya watu wasukume ilitafutwa kwa makusudi na watu wa dunia nzima ili waipande. Kigali iko karibu na Bukoba kuliko Dar es Salaam. Baadhi ya waliozitazama mbio zile walitambua kwenye kingo za barabara baiskeli nyeusi za inchi 28 zilizosimama na keria zake, na wenyewe wamekaa juu yake wakiangalia baiskeli nyingine ambazo bei ya moja hununua pikipiki kadhaa.

Je, tutapata siku moja mtu wa Rwamishenye mwenye baiskeli tatu? Huenda, na dalili zipo: baiskeli za gia za mitumba huonekana, watoto huzipanda kwa kuzunguka tu, bila kufika kwa mtu yeyote, na wasichana wamo kati yao bila kuulizwa. Lakini mtu hanunui baiskeli ya starehe asipokuwa na pahali pa kuipanda salama, na barabara zetu hupanuliwa kwa ajili ya mabasi na malori. Chama cha UWABA cha Dar es Salaam kimelipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi. Bukoba nako kuna haja ya kelele.

Bwana aliyebaki ni kibanja. Pikipiki imekwisha kuchukua hata magunia ya kahawa, lakini ndizi bado ni kubwa kwa umbo na ndogo kwa bei, na petroli hula faida yake. Kwa hiyo asubuhi za siku za soko baiskeli hutoka vijijini zikiwa zimefunikwa kwa kijani, na majani ya kutandaza hutoka rweya kwa njia hiyo hiyo. Wasukumao aghalabu ni vijana wasio na kibanja chao wenyewe, na baiskeli ya wengi wao si yao, ni ya kukodi kwa siku. Keria yake haifunguliwi Jumapili. Akifika chini ya mwinuko hupumzika kidogo, hukaza kamba, hushika kijiti chake, huweka bega, akapanda taratibu hadi pale juu barabara za Kyaka na Muleba zinapokutana, bodaboda zikimpita kushoto na kulia.